Sukari ya Baada ya Kipigo

Mwanangu Projestus,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho tukiamka. Karatasi hii ina kazi nyingine. Umetoka kwenda kuwaaga wajomba zako, na kwa ninavyowajua wao na pombe yao ya rubisi, hawatakuachia upesi. Nimekaa hapa mlangoni, Kagondo yetu bado ina mwanga, mdogo wako Koku anamenya ndizi nyuma ya nyumba. Nitaandika haraka na nikikosea sitafuta.

Sitakuandikia namna ya kufunga sanduku, wala namna ya kulala kwenye meli ya Mwanza, wala namna ya kumwamkia mkuu wa chuo. Umekuwa mtu mzima, unajua kwamba shuka hufuliwa. Nataka kukuandikia habari za meno. Usicheke. Majirani zetu huumizana kwa ajili ya mipaka ya vibanja na pombe. Sisi katika nyumba yetu tuliumizana kwa ajili ya jino, au ndivyo nilivyoamini miaka mingi. Jumapili iliyopita ulimpiga mdogo wako kwa mgongo wa mkono mpaka akakalia jivu la jikoni, kisha ukanigeukia ukasema, "Mawe, mama, jino linaniuma." Uliona nimenyamaza ukadhani nimekasirika. Niliogopa. Maneno hayo niliyasikia kwanza kwa baba yako, na aliyemfundisha kuyasema ni mimi.

Mimi nilizaliwa Rubya, kwenye kibanja cha migomba na kahawa, na mama yangu hakuwa na mchezo na midomo yetu. Kila jioni, ndizi za ebitoke zikishaliwa, alitukatia vijiti, tukatafuna ncha mpaka zikawa na nyuzi, tukasugua kwa chumvi kidogo aliyoiweka kwenye kipande cha jani la mgomba. Aliyelala bila kusugua aliamshwa kwa kofi. Ndiyo, hata usafi wa meno nilifundishwa kwa kofi, kwa hiyo usidhani ninatoka katika ukoo wa malaika. Lakini mama alizikwa na meno yake karibu yote, na sikumbuki kaka yangu yeyote akilia usiku ameshika shavu.

Baba yako aliponioa alikuwa na kalamu mfukoni na meno meupe, yaliyopangika vizuri. Wenzangu walinionea wivu kwa meno yale. Serikali ilipohimiza watu wahamie vijiji vya ujamaa, yeye alikuwa wa kwanza kusimama. Rubya ardhi ilikuwa imebana, na kule Ngenge kulikuwa na nafasi ya kuchezea. Tukashuka bondeni, wewe ukiwa mgongoni mwangu. Tulilima mahindi ya wote kwenye jua ambalo sisi watu wa vilimani hatukulizoea, tukalilia ndizi kama watu wanaolilia maiti, na baba yako akachaguliwa kuwa katibu. Ufunguo wa duka la kijiji aliufunga kwa uzi akauvaa shingoni.

Siku moja alinikuta nakutafunia kijiti. Alikinyakua akakitupa motoni. "Nyumba ya katibu haitafuni miti kama mbuzi," alisema. Akanunua mswaki wa dukani Bukoba mjini, kwa Mhindi, akautundika kwenye msumari juu ya redio ambapo kila mgeni angeuona. Wageni waliuona. Meno yetu hayakuuona. Ulipochakaa kwa moshi na vumbi, miswaki ilikuwa imeshaadimika, nayo dawa ya meno haikupatikana, lakini mswaki ule uliendelea kukaa pale msumarini, na mimi sikurudi kwenye vijiti. Niliona aibu. Mke wa katibu alikuwa na mengi ya kuonea aibu na nilichagua lile la kijinga kuliko yote.

Na sukari nayo. Wewe unakumbuka watu wa Ngenge walivyokunywa chai kwa chumvi. Kwetu sukari haikukosekana moja kwa moja. Ilikuja kwa utaratibu wake, na utaratibu huo nitaueleza, maana wewe uliuonja tu, hukuujua.

Gego la baba yako, lile la chini kushoto, lilianza na doa jeusi dogo. Alilichokoa kwa njiti ya kiberiti akalisahau. Doa likawa tundu, tundu likawa shimo ambalo punje ya muhindi ingeweza kulala ndani. Kwa muda mrefu halikumuuma hata kidogo, na kwa kuwa halikumuuma hakuna aliyelihangaikia. Siku lilipoanza, nyumba nzima ilianza kuumwa. Uji ukiwa wa moto, bakuli lilipita karibu na sikio langu. Uji ukiwa wa baridi, aliuliza kama nimemfanya maiti. Siku moja uliugusa mguu wa meza tu, meza ikatikisika, mkono wake uliokuwa umeegemeza shavu ukateleza, akakurukia akakutandika kwa tawi la mkahawa mpaka likakatika, kisha akamalizia na kipande kilichobaki. Siku nyingine alinishika nywele akanigonga kichwa kwenye nguzo ya mlango, na damu ikaniingia jichoni nikawa naona nyumba yangu yote nyekundu.

Alikwenda kwa mganga. Mganga akasema kuna mdudu anakula jino, akafukiza mbegu kwenye kigae, akamwonyesha kitu cheupe kikielea kwenye maji, akasema ndiye huyu. Jioni ile ile maumivu yakarudi. Mara ya pili mganga alitoa msumari kwenye moto ukiwa mwekundu, wanaume wawili wakamkalia baba yako miguuni, na msumari ukaingizwa kwenye lile shimo. Sijasahau harufu ile. Walipomwachia alimkaba mganga koo mpaka macho yakamtoka, na hawakumtenganisha naye ila kwa kumpiga mpini wa jembe mgongoni. Alirudi nyumbani na mgongo umevimba na jino bado limo. Unaweza kujua mwenyewe nani alilipia.

Kesho yake jirani, mama wa nyumba ya tatu, aliniona uso akaniuliza, "Waitu, ndugu yangu, huyu mtu atakuua?" Mimi nikamjibu, "Si yeye. Ni jino." Nilisema kwa sauti, na baba yako alikuwa sebuleni anasikia. Nilimtetea mbele ya watu kwa neno ambalo yeye mwenyewe hakuwa bado amelifikiria. Tangu siku hiyo hakuwahi tena kuomba radhi. Alisema tu, "Si mimi, mke wangu. Ni jino," na jioni akarudi kutoka dukani na kifuko cha karatasi ya kaki chenye sukari.

Huo ndio utaratibu wenyewe. Akinipiga mchana, jioni sukari inaingia. Nilikuwa naipokea kwa mikono miwili. Nilichemsha chai, naijaza sukari mpaka inanata midomoni, nawapa wewe na Koku mkiwa tayari mkekani, na mnacheka, na baba yenu anacheka, na mimi naona nyumba imepona. Wewe ulikuwa unataka kusukutua kwa maji kama ulivyoona kwa bibi yako kule Rubya, nami nikakukataza. "Usisukutue, utaitema sukari." Nakumbuka maneno hayo neno kwa neno. Ilikuwa sukari ya kipigo changu, na sikutaka ipotee hata tone. Mlilala nayo mdomoni usiku baada ya usiku, na ndiyo iliyowala meno.

Gego lako la utotoni lilipotoboka, baba yako alikulaza sakafuni akalishika kwa koleo la baiskeli. Mimi nilikushika kichwa. Lilivunjika, nusu ikabaki, ukatokwa usaha mpaka shingoni. Ulinitazama kutoka pale chini kwa namna ambayo sijaisahau. Jioni yake mlikunywa chai ya sukari.

Mwisho shavu la baba yako lilivimba mpaka jicho likafumba, akawa hamezi hata mate. Tulimpandisha Rubya kwa baiskeli, huku anashikiliwa na watu asianguke. Sista wa hospitali, mwanamke mnene mwenye mikono myekundu, alimfungua mdomo akachungulia ndani. Alimwambia, "Ta Katibu, dawa ya jino hili ni kung'oa, na haya mawili jirani yake pia." Sindano haikushika sawasawa kwa sababu ya usaha. Baba yako aling'ang'ania kifundo cha mkono wangu wakati Sista akivuta, akaniminya mpaka vidole vyangu vikawa vyeusi, na alipotoa sauti hata mbuzi waliokuwa nje walikimbia. Jino lilitoka na mizizi yake na uvundo. Sista alilitupa kwenye bakuli la chuma.

Mimi, kwa kuwa nilitaka lawama imwangukie mtu, nilimuuliza mdudu yuko wapi.

"Mdudu gani?" alisema. "Mama, watoto wako wanalala na nini mdomoni?"

Nilimjibu kwa fahari, kwa kuwa mwaka ule hakuna mwingine pale ambaye angeweza kujibu hivyo. "Chai ya sukari, Sista."

Hakunicheka. Alinieleza kwamba masalio ya chakula na utamu yakikaa kwenye meno usiku kucha hugeuka kuwa makali, yakalila jino kidogo kidogo bila mtu kusikia chochote, na siku mtu anaposikia maumivu, kazi imekwishafanyika zamani. Akasema kila jioni, kabla ya kulala, tusugue nje na ndani na nyuma kabisa, na baada ya hapo isiingie ila maji. Nikasema hatuna mswaki wala dawa. Akaniuliza, "Na miti imekwisha Ngenge?" Niliona kama ni mama yangu amefufuka ananisema.

Tukaanza tena. Wewe uliona ni kazi ya watoto, ukasugua siku mbili ukaacha. Koku ndiye aliyeshika. Alikuwa na umri wa kupenda amri, na aliipenda hii. Kila jioni alisimama nje na kijiti chake, akisugua taratibu mpaka nikawa namwambia atayamaliza. Meno yake ya watu wazima yalitoka yakiwa safi, hakuna doa. Baba yako naye, kwa kuwa hakuna kilichomuuma, alikuwa mtu mwingine. Aliimba kanisani. Alinichania nywele siku moja. Nikamwambia yule mama wa nyumba ya tatu, "Unaona? Nilikuambia ni jino." Nilijisifu kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha ikaja jioni ile. Ulikuwepo, lakini hujawahi kuisema, na mimi sijawahi kukuuliza. Baba yako aliita, "Koku, maji." Koku alikuwa anasugua meno, mdomo umejaa chumvi na mate. Hakuweza kujibu. Aliinua kidole, ishara ya kumwambia baba, subiri kidogo, Tata. Baba yako alisimama. Alitembea polepole, hakukimbia. Alimpiga ngumi ya mdomo, na kijiti kikiwa ndani.

Jino la mbele lilikatika karibu na ufizi. Lilikuwa jino zima, jeupe, halina tundu. Nililiokota kwenye vumbi, nikalifuta kwa kanga, na nikageuka kumtazama baba yako nikisubiri, nakwambia kweli nikisubiri, aniambie kinachomuuma. Alifungua mdomo. Ufizi wake ulikuwa umepona kabisa, na pale jino lilipokuwa palikuwa laini kama pa mtoto. Hakuwa na la kusema. Basi mimi, katika kumtafutia la kusema, ndipo nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekizika: kwamba mara ya kwanza aliponipiga ilikuwa Rubya, kabla wewe hujazaliwa, kwa sababu ya kibuyu kilichopasuka, na siku hiyo alikuwa na yale meno yake meupe yote, yasiyouma hata moja.

Nilichukua mchi wa kutwangia kahawa. Nilimpiga begani nikasikia mfupa ukikatika, nikampiga tena alipoanguka, na ningempiga wa tatu kama wewe hukuning'ang'ania kiunoni. Nikuambie ambalo sijamwambia hata padri: nilifurahi. Furaha ilinipanda kutoka miguuni. Sikuwa na jino bovu, sikuwa na homa, sikuwa nimekunywa. Ilikuwa mikono yangu tu, nami nilikuwa najua ninachofanya kila mchi ulipopanda. Niliondoka Ngenge asubuhi yake nikawachukua ninyi wawili, na watu wanasema nilimkimbia baba yenu. Nusu ni kweli. Nusu nyingine nilikuwa nakimbia mchi ule. Hapa kwa kaka yangu, tangu tuje, kahawa anatwanga Koku.

Sasa wewe. Nimekutazama mwezi mzima unatafuna upande mmoja. Unakunywa maji umeinamisha kichwa. Unalo jino bovu, na sehemu ya lawama ni yangu, kwa ile sukari. Hiyo nimeikubali. Lakini ulipompiga Koku kwa ajili ya shati lililoanguka kwenye maji, nilikuwa naangalia mkono wako, na kabla haujafika ulikuwa umeukunja ukaukunjua. Ulikuwa na nafasi ya kufikiri. Ulichagua kutumia mgongo wa mkono badala ya ngumi. Jino halichagui.

Ningeweza hata hivyo kujidanganya kama nilivyozoea. Aliyenizuia ni mdogo wako. Kesho yake ulimletea pipi kutoka mjini, zimefungwa kwenye karatasi. Alizipokea, akasema asante, akaja kunipa mimi jikoni. Alisema, "Mawe, na yeye ameanza kuleta sukari." Kisha akaendelea kupepeta maharage. Nilitoka nje nikalia kwenye migomba, mahali ambapo hamwezi kunisikia.

Wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu kama wewe ni nyoka, nimekuzaa mimi pia, na mimi nina mchi. Ninachojua ni kwamba unakwenda kufundishwa ualimu. Miaka michache tu watakukabidhi darasa la watoto wa watu, wadogo kuliko Koku alivyokuwa siku ile, na mkononi utakuwa na fimbo ambayo hakuna atakayekuuliza unaitumiaje. Mmoja wao atainua kidole akiwa na maana ya kusema subiri kidogo, mwalimu. Ni huyo ninayemwogopea. Simjui jina, na tangu Jumapili sipati usingizi kwa ajili yake.

Kwa hiyo kesho asubuhi, meli ikiwa bado bandarini, tutakwenda wote wawili hospitali ya mjini, ukaling'oe. Utaumia. Nitakupa mkono wangu uuminye, nimezoea. Huko Mwanza kila jioni sugua yaliyobaki, kwa maana yaliyobaki ni mazima na unaweza kuzikwa ukiwa nayo kama alivyozikwa bibi yako na yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa meno hata ukuta haujengeki. Hayo ya meno ni mepesi, kijiti na chumvi vinatosha. Ya mkono sijui dawa yake. Kama ningeijua ningekuwa nimeinywa mwenyewe. Ninajua tu kwamba haianzi mpaka mtu aache kusema si mimi. Nilipoacha kusema ni baba yenu aliyenifanya nishike mchi, ndipo nilipoanza kuogopa ipasavyo, na woga huo umenisaidia kuliko maombi.

Nasikia sauti yako barabarani na mjomba wako anaimba vibaya. Nafunga.

Naongeza haya: nilipofungua sanduku lako kuiweka barua hii, uione usiku huu, juu ya mashati nimekuta mswaki mpya. Sijui Koku ameupata wapi, wala amebadilishana na nini, siku hizi dukani haupo. Yeye mwenyewe bado anatumia kijiti, na akisugua hufika kwenye pengo akalizunguka taratibu, kila jioni, kama kwamba jino lingalipo. Nikadhani amekusamehe. Nikamwita nikamuuliza kwa nini amekuwekea. Alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ndizi zake:

"Ili siku akimpiga mtoto wa mtu, asiseme ni jino."

Mama yako, ambaye kesho atakushika mkono.